Fidla Mbili, Lahani Moja: Wapigaji Wawili Katika Muziki wa Jadi wa Ayalandi

Jambo la kwanza linalomshangaza msikilizaji mgeni katika muziki wa jadi wa Ayalandi ni kwamba wapigaji wanapokaa pamoja, wawe wawili au kumi na wawili, wote hupiga lahani ileile kwa wakati uleule. Hapagawanywi sauti ya kwanza na ya pili, wala hapana mmoja anayeuliza na mwingine kujibu. Aliyezoea taarabu hatapata shida sana kulielewa hilo, kwa kuwa huko nako fidla, kodiani na udi hufuata lahani moja, kila chombo kikiipamba kwa namna yake. Lakini aliyelelewa na kwaya yenye sauti nne zilizopangwa kwa hesabu huenda akadhani kwamba watu hawa wanarudia kazi moja bure. Swali lake ni la haki, na mimi pia nimekuwa nalo kwa muda mrefu: ikiwa mpigaji mmoja anatosha kuitoa lahani yote tangu mwanzo hadi mwisho, huyo wa pili anaongeza nini?

Jibu nililolipata kwa kusikiliza rekodi nyingi ni kwamba wa pili anatupa kipimo. Mpigaji akiwa peke yake, hatuwezi kujua kwa hakika ni wapi amechagua na ni wapi amefuata mazoea ya vidole vyake. Wakiwa kumi, kama ilivyo katika vikao vya muziki vya baa, tofauti zao huzama ndani ya sauti moja nene ambayo ni tamu kwa aliye ndani yake, lakini kwa aliye nje haionyeshi uso wa mtu yeyote. Wakiwa wawili, kila tofauti husikika. Mmoja akiikata noti mahali ambapo mwenzake ameiburuza, sikio hulitambua hilo papo hapo, na hapo ndipo lahani inapoanza kuonekana kuwa kitu chenye nafasi ndani yake, ambamo watu wawili wanaweza kukaa bila kusukumana. Ndiyo maana ninaamini kwamba idadi inayoufaa muziki huu zaidi ni wawili, ingawa bendi ndizo zilizoupatia umaarufu duniani.

Ili hoja hiyo ieleweke, yafaa kwanza kuutazama umbo la lahani zenyewe. Nyingi ni za dansi, na nyingi zina sehemu mbili, kila sehemu ikiwa na vipimo vinane (vipande vifupi vyenye idadi sawa ya mapigo) ambavyo hurudiwa, hivyo mzunguko mmoja hukamilika kwa vipimo 32 kisha lahani huanza upya. Kinachozitofautisha aina za lahani hizo, rili na jigi, au polka na honipaipu, ni mwendo wa mapigo: rili huenda kwa nne, jigi kwa sita, polka kwa mawili ya haraka. Kwa kawaida lahani moja hupigwa mara mbili au tatu kisha wapigaji huingia katika nyingine bila kusimama, na mfuatano huo huitwa seti. Mifupa yake, basi, ni rahisi. Francis O'Neill, mzaliwa wa Kaunti ya Cork aliyepanda hadi kuwa mkuu wa polisi wa Chicago, alichapisha mwaka 1903 mkusanyiko wa lahani 1,850, na yeyote anayejua kusoma noti anaweza kuufungua na kupiga. Lakini atakachopata ni mifupa tu. Nyama yake ni madoido: noti fupi za kukata, mizunguko ya vidole kuizunguka noti moja, noti tatu zinazobanwa mahali pa mbili, na, juu ya yote, mgandamizo mdogo wa mapigo unaomfanya mcheza dansi anyanyue mguu. Hayo hayaandikwi, na hayapigwi kwa namna moja mara mbili. Kwa hiyo watu wawili wanaposemwa kuwa wanapiga kitu kimoja, maana yake ni kwamba wamekubaliana juu ya mifupa, huku mengine yote wakiyaamua pale pale.

Zaidi ya hayo, lahani moja huweza kuwa na sura kadhaa kulingana na kaunti ilikopitia. Mpigaji wa Donegal aliyepokea rili fulani kwa jirani yake anaweza kukutana na mpigaji wa Clare mwenye rili hiyohiyo, jina lingine, na sehemu ya pili inayopanda pale ambapo ya kwake hushuka. Katika bendi jambo hili humalizwa kwa amri: kiongozi huchagua sura moja na wengine wote huifuata. Wawili wana hiari ya kuliacha bila kulimaliza. Zipo rekodi ambazo unasikia sura zote mbili zikienda sambamba kwa vipimo viwili au vitatu, zikigongana kidogo, kisha zikarudi mahali pamoja kana kwamba hapakutokea kitu. Wahandisi wa sauti wa siku hizi, wenye uwezo wa kunyoosha kila kitu, wangeufuta mgongano huo, nami ningesikitika.

Asili ya kupiga wawiliwawili haikuwa falsafa bali haja. Kabla ya vipaza sauti, dansi za vijijini zilifanyika jikoni na kwenye njia panda, na fidla moja ilikuwa na kazi kubwa ya kusikika juu ya viatu vya wachezaji. Fidla ya pili iliongeza sauti, na ilimpa mwenzake nafasi ya kupumzisha mkono. Katika baadhi ya sehemu, hasa Donegal na Sliabh Luachra, eneo lililo mpakani mwa kaunti za Kerry na Cork, ulikuwapo ustadi maalumu wa mmoja kupiga lahani ileile kwa oktava moja chini, yaani noti zilezile kwa sauti nzito zaidi, kwenye nyuzi nene, ili sauti ijae bila kuigawa lahani. Kisha likaja jambo la serikali. Sheria ya kumbi za dansi ya mwaka 1935, ambayo iliyafanya madansi ya umma yahitaji leseni, iliyahamisha madansi mengi kutoka majumbani kwenda kumbini, na ukumbi ulitaka bendi kubwa zenye piano, ngoma na safu ya akodiani. Ustadi wa wawili haukufa, ila ulipoteza mahali pake pa kazi.

Nje ya nchi mambo yalikuwa mengine. Katika miaka ya 1920 kampuni za santuri za New York zilianza kuwarekodi wahamiaji wa Kiayalandi, na fidla za Kaunti ya Sligo, ya Michael Coleman na ya James Morrison zikiwa mbele, zikawa sauti ambayo Ayalandi yenyewe ilianza kuiiga pindi santuri ziliporudi nyumbani ndani ya masanduku ya wahamiaji. Wengi wanamsikiliza Coleman kwa ajili ya ufundi wa upinde wake, na wana haki. Mimi hurudi mara nyingi zaidi kwa Morrison anapopiga pamoja na John McKenna, mpiga filimbi wa Leitrim, kwa sababu hapo kuna mazungumzo ambayo Coleman, akiwa na wapiga piano wa studio ambao mara nyingi hawakuijua lahani na walibahatisha kordi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), hakupewa nafasi ya kuwa nayo. Ukisikiliza santuri zile za Coleman, unaweza kuhesabu mahali ambapo mkono wa kushoto wa mpiga piano umekwenda njia yake na fidla njia yake. Coleman anaendelea tu. Ni hodari, lakini yuko peke yake pamoja na kelele.

Mfano ulio kinyume kabisa, na ambao kwangu ndio kilele cha fidla mbili, ni Denis Murphy na dada yake Julia Clifford. Walizaliwa Lisheen, karibu na Gneeveguilla katika Kaunti ya Kerry, yeye mwaka 1910 na dada yake mwaka 1914, katika eneo la milima na mabwawa linaloitwa Sliabh Luachra, kwenye mpaka wa Kerry na Cork. Mwalimu wao alikuwa Pádraig O'Keeffe, mtu aliyeacha kufundisha shule na kugeuka mwalimu wa fidla wa kuzunguka kwa miguu kutoka nyumba hadi nyumba. O'Keeffe hakuwafundisha wanafunzi wake noti za kawaida. Alichora mistari, akazitumia nafasi kati ya mistari hiyo kuwakilisha nyuzi nne za fidla, na ndani ya nafasi akaandika namba za vidole. Karatasi hizo aliziacha mezani kwa mwanafunzi na kuondoka. Naona jambo hilo lina uzito kwa habari ya wawili hawa, maana waliojifunza kwa mfumo mmoja wa vidole, katika nyumba moja, wakizicheza lahani zilezile tangu utotoni, wangetarajiwa kupiga kama mtu mmoja. Hawakupiga hivyo.

Mwaka 1952 Séamus Ennis, mpiga zumari na mkusanyaji aliyekuwa akiifanyia kazi BBC, aliwarekodi ndugu hao pamoja na mwalimu wao, na mwaka 1969 Claddagh Records ilitoa santuri yao, The Star Above the Garter. Kati ya miaka hiyo maisha yalikuwa yamewatenganisha: Julia alikuwa ameishi London kwa muda mrefu na Denis alikuwa amekaa New York kwa miaka kadhaa. Katika santuri ya 1969 unasikia vitu viwili kwa pamoja. Pale wanapopiga kwa usawa, upinde wa Denis una mwendo mpana, wa kupepea, unaosukuma polka mbele bila haraka, ilhali wa Julia una makali zaidi, kama mtu anayetamka kila herufi. Pale Julia anaposhuka oktava moja chini, sauti yake hugeuka kuwa sakafu ambayo Denis anatembea juu yake, na ghafla chombo kimoja kinaonekana kuwa na ukubwa wa vinne. Hakuna kordi hata moja iliyopangwa. Hakuna gitaa, hakuna piano. Hata hivyo sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba santuri ile ina pengo.

Nimeutaja upinde, na hapa sina budi kueleza kwa nini aina ya vyombo ina uzito katika jambo hili kuliko wengi wanavyodhani. Kila chombo kina mahali pake pa kupumua. Fidla hupumua pale upinde unapogeuka. Filimbi ya mbao hupumua kwa mapafu, na kwa kuwa lahani za dansi hazina mapumziko ndani yake, mpigaji analazimika kuiacha noti fulani isipigwe ili apate hewa. Mpiga filimbi mzuri huichagua noti hiyo kwa makini mpaka kuachwa kwake kukawa pambo. Konsetina, kile kinanda kidogo cha pembe sita kinachokunjuliwa kwa mikono miwili, katika aina inayopendwa na watu wa Clare hutoa noti moja kinaposukumwa na nyingine kinapovutwa kwa kitufe kilekile, hivyo lahani hukatwakatwa na mwelekeo wa mikono. Zumari za uilleann hazipumui hata kidogo, kwa sababu kiriba chake hujazwa na mvukuto unaobanwa kwa kiwiko, na mkondo wa hewa haukatiki mpaka mpigaji atake.

Weka viwili vya vyombo hivyo pamoja na utaona kwamba mashimo ya kimoja huzibwa na kingine. Mairéad Ní Mhaonaigh, mpiga fidla na mwimbaji kutoka Gaoth Dobhair katika Donegal, na mumewe Frankie Kennedy, mpiga filimbi mzaliwa wa Belfast, walitoa santuri yao ya kwanza pamoja mwaka 1983 kabla ya kuanzisha Altan, bendi ambayo baadaye ilijulikana duniani kote. Rili za Donegal ni za kasi na upinde wake ni wa mapigo mafupi yaliyotenganishwa. Kennedy alipovuta pumzi, lahani haikukatika, kwa kuwa fidla ilikuwapo pale pale. Lakini alichokifanya Ní Mhaonaigh katika sehemu hizo ni kuipiga noti ile iliyoachwa kwa wepesi wa kawaida tu, pasipo kuikazia, ili pengo la mwenzake liendelee kusikika kama pambo alilokusudia. Uungwana wa namna hiyo hauwezi kuandikwa katika mpangilio wowote. Kennedy alifariki mwaka 1994 kwa saratani, na Altan iliendelea chini ya Ní Mhaonaigh, ikiwa na wapigaji hodari. Rekodi zao za baadaye ni nzuri, ingawa mimi hubaki na ile ya watu wawili.

Kwa zumari mambo ni magumu zaidi. Chombo hicho, ambacho UNESCO ilikiingiza katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017, hakibadilishi sauti yake ya msingi kwa urahisi, na zumari za kale zina sauti iliyopangwa chini kuliko kipimo cha kawaida cha okestra, hivyo mpiga fidla ndiye anayelegeza nyuzi zake ili kumfuata. Kulegea huko kunaifanya fidla iwe na sauti ya giza, yenye ukavu kidogo. Katika rekodi ya Mick O'Brien na Caoimhín Ó Raghallaigh ya mwaka 2003, zumari na fidla zimekaribiana kiasi kwamba mara nyingine sikio hushindwa kusema ni kipi kimeanza na kipi kimemaliza. Anayetaka kufahamu kwa nini watu wa Ayalandi huzungumza juu ya wapigaji wawili kwa sauti ya heshima ambayo hawaitumii kwa bendi, asikilize hiyo mara moja bila kufanya kazi nyingine.

Hadi hapa nimezungumzia wawili ambao wote wanaishika lahani. Lakini watu wengi leo, wakisikia kuwa wapigaji wawili wa Kiayalandi watatumbuiza, hutarajia kitu kingine: mmoja wa lahani na mwingine wa kusindikiza, kwa kawaida mwenye gitaa au buzuki, chombo cha nyuzi chenye shingo ndefu. Mpango huu si wa kale. Buzuki ilitoka Ugiriki na kuingizwa katika muziki huu na Johnny Moynihan katikati ya miaka ya 1960, kisha Andy Irvine na Dónal Lunny wakaisambaza. Gitaa nalo lilipata heshima yake kwa kuchelewa. Tatizo lake ni kwamba lahani nyingi za kale hazisemi waziwazi kama ni za meja au za maina, yaani ngazi ya noti yenye uchangamfu au yenye huzuni; huzunguka katikati, na utamu wake umo katika kutosema huko. Mpiga gitaa anayeingia na kordi kamili analazimisha jibu ambalo lahani ilikwepa kulitoa. Ndiyo maana Mícheál Ó Domhnaill, aliyerekodi na mpiga fidla Kevin Burke mwaka 1979, alizifunga nyuzi zake kwa noti D, A, D, G, A na D, namna ambayo humwezesha mpigaji kuiacha ile noti ya kati inayoamua, na kulizungushia lahani zulia la sauti lisilo na hukumu. Alec Finn alikwenda njia nyingine. Katika rekodi yake ya mwaka 1977 na Frankie Gavin wa Galway, buzuki yake ya Kigiriki haitegemei kordi hata kidogo, bali husuka uzi wa pili wa noti chini ya fidla, uzi unaojua kila kona ambayo Gavin anakaribia kuikata.

Wasindikizaji wengi wa siku hizi, nasema hili nikijua kwamba litawaudhi marafiki wenye magitaa, hupiga kupita kiasi. Hujaza kila pigo, hubadilisha kordi kila nusu ya kipimo, na huongeza kasi na kishindo kila lahani inaporudiwa hadi hadhira ipige makofi. Mpiga fidla hapo si mshirika tena, amefanywa abiria. Anayesindikiza ana uwezo mkubwa kuliko anavyodhani, kwa sababu kordi moja isiyo mahali pake inaweza kubadilisha maana ya noti nane zilizopigwa vizuri, na kinyume chake si kweli.

Hilo ndilo linalonifikisha kwa Martin Hayes na Dennis Cahill. Hayes alizaliwa mwaka 1962 huko Maghera, karibu na kijiji cha Feakle, mashariki mwa Kaunti ya Clare. Baba yake, P.J. Hayes, aliongoza bendi ya dansi ya Tulla, iliyoanzishwa mwaka 1946, na mume wa shangazi yake, Paddy Canny, alikuwa miongoni mwa wapiga fidla walioheshimiwa zaidi katika kaunti ile. Kijana huyo aliingia katika bendi ya baba yake akiwa bado mvulana. Cahill alizaliwa Chicago mwaka 1954 kwa wazazi waliotoka Kerry, akasomea gitaa, akapiga roki, bluzi na muziki wa kila namna uliomlipa. Walikutana Chicago katika miaka ya 1980, na kazi yao ya kwanza pamoja ilikuwa bendi ya umeme iliyoitwa Midnight Court. Ninaipenda habari hiyo, kwa sababu inaonyesha kwamba utulivu uliowapatia jina baadaye haukutokana na kutojua kelele.

Mwaka 1997 walitoa The Lonesome Touch. Kwanza kinachosikika ni mwendo: lahani ambazo kila mtu alizoea kuzisikia zikikimbia, hapa zinatembea. Hayes huzipiga taratibu hadi kila noti ionyeshe ilikotoka na inakokwenda, na anapokawia juu ya noti fulani, unaelewa kuwa uzito huo ulikuwamo siku zote na kasi ndiyo iliyouficha. Mtindo huo una mizizi mashariki mwa Clare, ambako fidla hupenda uchungu na upole. Hakuubuni yeye, ingawa yeye aliufikisha mbali kuliko wazee wake walivyothubutu. Baadhi ya wapenzi wa muziki wa jadi walimlaumu kwa kuziondoa lahani sakafuni pa dansi. Sikubaliani nao kabisa, kwa kuwa hata pale mwendo ulipo wa polepole sana, pigo la mguu halipotei. Jaribu kulifuata kwa kidole mezani.

Lakini ni Cahill anayeifanya rekodi hiyo kuwa ya watu wawili. Alitumia gitaa lililofungwa kwa namna ya kawaida kabisa, akakataa karibu kila kitu ambacho gitaa linaweza kufanya. Mara nyingi hupiga noti mbili tu, au moja, kisha hunyamaza. Kuna vipimo ambamo hayupo kabisa, na unapomsikia tena unatambua kuwa alikuwa akisikiliza. Kordi zake hazimwambii Hayes aende wapi. Huja nusu nukta nyuma ya lahani, au chini yake, zikiithibitisha baada ya kusemwa. Mpiga fidla anayepewa nafasi kama hiyo anaweza kukawia, kuharakisha, kuibadilisha sehemu ya pili katikati, hata kuingia katika lahani nyingine bila kuonya, akijua kwamba hakuna kordi iliyokwisha kutangulia mbele yake kumzuia njia. Mtu asiyecheza chombo anaweza kudhani kwamba Cahill alikuwa na kazi nyepesi. Mwambie mpiga gitaa yeyote mzuri apige noti kumi tu kwa dakika moja, zote zikiwa mahali pake, kisha umwangalie jasho.

Kipimo cha juu cha ushirikiano wao kimo katika Live in Seattle, ya mwaka 1999. Humo kuna mfuatano mmoja wa lahani unaodumu kwa karibu nusu saa bila kukatika. Unaanza kwa sauti ndogo, kwa lahani ya polepole isiyo na haraka ya kufika popote, kisha hupanda hatua kwa hatua, lahani moja ikizaa nyingine, hadi mwishoni rili zinakimbia kwa kasi ambayo ingemtosheleza mpenda dansi mkali kuliko wote. Upandaji huo haufanywi kwa Cahill kuongeza kishindo. Anaongeza kwa kipimo kidogo mno, noti moja hapa, pigo moja pale, na mara nyingine Hayes anapoongeza kasi yeye hupunguza. Sijui rekodi nyingine ya muziki huu ambamo kupanda kwa joto kumedhibitiwa na watu wawili kwa muda mrefu hivyo bila mmoja wao kuvunja mkataba.

Cahill alifariki Chicago mwezi Juni 2022, akiwa na umri wa miaka 68. Hayes ameendelea na kazi, akiwa na kundi liitwalo Common Ground Ensemble, lenye selo, piano, buzuki na gitaa, na rekodi yao ya mwaka 2023 ni muziki wenye rangi nyingi na fikra nzuri. Hata hivyo, panapo watu watano panahitajika mpangilio ulioandikwa, na mpangilio ulioandikwa unajua mapema mahali Hayes atakapokawia.

Mashindano nayo yana sehemu yake katika habari hii, ingawa si kubwa. Comhaltas Ceoltóirí Éireann, chama kilichoanzishwa mwaka 1951, huandaa kila mwaka tamasha la Fleadh Cheoil, na ndani yake kuna shindano la wawiliwawili kwa makundi ya umri, kuanzia watoto walio chini ya miaka 12. Washindani hupita ngazi ya kaunti, kisha ya jimbo, kabla ya kufika fainali ya nchi nzima. Faida yake ni kwamba maelfu ya watoto wamejifunza kumsikiliza mwenzao. Hasara yake ni kwamba njia salama ya kumridhisha mwamuzi ni kupanga kila pambo mapema na kulipiga kwa pamoja kama wanajeshi wa gwaride, jambo ambalo linaua kilekile kinachofanya wawili wawe na maana. Wengi wa washindi huachana na desturi hiyo wanapokua. Baadhi hawaachi.

Kwa anayetaka kuanza, singemshauri aanze na Hayes na Cahill, kwa sababu baada yao kila kitu kingine kitaonekana kina haraka. Aanze na Denis Murphy na Julia Clifford, asikilize polka zao mara kadhaa, kwanza akimfuata mmoja tu, kisha akimfuata mwingine. Baada ya hapo aende kwa Noel Hill na Tony MacMahon, konsetina na akodiani, wote wawili wa Clare, walivyorekodiwa katikati ya miaka ya 1980 katika baa moja ya Knocknagree, Kaunti ya Cork, wakiwapigia wachezaji wa dansi. Viatu vya wachezaji vinasikika katika rekodi hiyo yote, vikigonga sakafu kwa nguvu hadi mara nyingine vinazidi vyombo, na nakiri kwamba vinaitikisa kidogo hoja yangu ya kuwa wawili wanatosha: MacMahon na Hill wanapiga kwa ajili ya miguu ile, na miguu ile inawajibu. Gavin na Finn wafuate. Santuri za New York aziweke mwisho, kwa kuwa mikwaruzo yake huhitaji sikio lililokwisha kujua linachotafuta.